Nyuma ya Lindi na kitabu cha Karl Weule

Jumamosi: Mbagala hadi Lindi

Basi liliondoka Mbagala Rangi Tatu kabla ya jua, limejaa hadi abiria wengine wamekalia ndoo katikati ya viti. Begini nina kinasa sauti cha kazini, betri za akiba na daftari. Kwenye simu nina kitabu cha Karl Weule, mwanaethnolojia wa Leipzig aliyezunguka nyuma ya Lindi mwaka 1906 akichunguza maisha ya Wayao, Wamakua na Wamakonde. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata Alice Werner akakitoa kwa Kiingereza. Werner huyu ndiye aliyekuja kuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu kule London, na hapa na pale ameweka tanbihi zake chini ya ukurasa. Nasoma nakala yake, maana Kijerumani changu kinaishia kwenye salamu.

Natengeneza vipindi vya historia vya redio. Mama yangu ni Mmakua wa Masasi, kwa hiyo sifiki ugenini kabisa. Lakini kilichonitoa nyumbani ni sauti. Weule alibeba fonografu na silinda za nta, akanasa nyimbo za watu wa huku, na silinda zile zikaenda kwenye hifadhi ya sauti ya Berlin, ile ambayo mikusanyo yake ya silinda iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Nataka kufika zilikoimbwa kabla sijawaandikia watu wa hifadhi hiyo.

Tulivuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Abiria wenye umri wangu kwenda juu hawapiti hapa bila kusimulia kivuko cha Ndundu na siku walizolala barabarani mvua ikinyesha. Weule hakuuvuka mto huu kwa nchi kavu. Alipanda Dar es Salaam meli ya serikali yenyewe ikiitwa Rufiji, ikamshusha Lindi.

Na hakupanga kuja kusini. Alitumwa kwa mpango wa tume ya utafiti wa makoloni iliyoongozwa na Hans Meyer, tajiri wa Leipzig aliyepanda Kilimanjaro mwaka 1889, na alikuwa aelekee kaskazini, pande za Kondoa Irangi na Iraku. Alipofika Dar akaambiwa huko kumechafuka. Mwenzake, mwanajiografia Fritz Jaeger, akashika njia ya kaskazini. Yeye akageuziwa kusini, ambako vita vilihesabiwa kuwa vimezimwa. Nilisoma ukurasa huo wakati dirisha la kulia likionyesha upande wa vilima vya Matumbi, ambako Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba ya mkoloni na Maji Maji ikaanza. Sijui kama kuna namna ya kulitazama neno "utulivu" katika kitabu chake bila kulitazama hilo.

Lindi tumeingia alasiri. Joto la Oktoba, upepo wa ghuba, pweza wa kukaanga pembeni ya stendi.

Jumapili: Lindi

Asubuhi nilitembea ufukweni hadi kwenye magofu ya boma la Wajerumani. Mizizi imepasua kuta na mbuzi wamejilalia kivulini.

Nimefika hapa kwa sababu ya sura ya Lindi ndani ya kitabu. Weule alishuka hapa mwanzoni mwa Julai 1906, na mji ulikuwa umejaa wafungwa wa Maji Maji. Kitabu kina picha ya wanaume waliofungwa mnyororo mmoja shingoni, na kinamtaja Selemani Mamba, kiongozi wa wapiganaji wa nyuma ya Lindi. Mwenyeji wake alikuwa Ewerbeck, mkuu wa wilaya, na Weule alipoingia bara aliingia kwenye msafara wa Ewerbeck, akiwa na askari wake. Hili ni vizuri msomaji alishike mapema. Mtafiti aliyeuliza wazee maswali kuhusu mizimu na ndoa alikuwa ameketi upande wa bunduki, katika mwaka wa njaa, kwa watu ambao baadhi ya ndugu zao walikuwa mnyororoni Lindi. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wetu aliyekusanya habari za vita hivyo kwa wazee, alikadiria waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Weule anaiona njaa na nyumba zilizochomwa, anaziandika, kisha anarudi kwenye vyungu na vinyago. Silaumu kwamba hakuwa mwanasiasa. Nasema tu kwamba kila jibu lililoandikwa kwenye daftari lake lilitolewa na mtu aliyejua askari wamesimama wapi.

Jioni nilikula wali na samaki kwa mama lishe mmoja karibu na soko. Mzee aliyekaa meza ya pili alipojua natafuta habari za Mjerumani akasema, "Wa mjusi?" Lindi, Mjerumani ni wa mjusi. Mwaka huohuo wa 1906, mhandisi Bernhard Sattler alikuta mifupa mikubwa ya dinosaria, ndiye huyo mjusi, Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji, na kuanzia 1909 hadi 1913 ikachimbuliwa na kubebwa kichwani hadi bandarini, zaidi ya tani 200. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mjusi amesimama Berlin, kimo chake kinapita mita 13, na watu wa Lindi hawajachoka kumuulizia. Nikamwambia mzee kwamba wangu ni mwingine, yeye alibeba nyimbo. Akatafakari kidogo. "Hizo nazo zina uzito?"

Jumatatu: Lindi hadi Masasi

Kutoka Mnazi Mmoja, Mingoyo, barabara inaacha ile ya Mtwara na kushika magharibi, ikifuata bonde la Lukuledi. Coaster ilikwenda kwa saa chache njia ambayo msafara wa 1906 uliitembea kwa siku kadhaa.

Basi niseme habari za waliobeba mizigo, maana ndio walionivuta zaidi katika kurasa hizi. Wengi walikuwa Wanyamwezi, watu wa kazi hiyo, na mnyapara wao aliitwa Pesa Mbili. Mpishi aliitwa Omari. Weule anawataja kwa majina, anawachora tabia, anawacheka, mara nyingine anawasifu kwa moyo wote. Jioni wapagazi waliimba, mmoja akitoa, wengine wakiitikia, na Mjerumani huyu, ambaye hadi wakati huo aliijua Afrika kwa kupanga vitu vyake kabatini na kuvibandika karatasi, alikaa kuwasikiliza. Alikuwa na miaka 42. Alizaliwa 1864 Alt-Wallmoden, kijiji karibu na Goslar. Akasoma Göttingen na Leipzig, akafanya kazi makumbusho ya Berlin, kisha tangu 1899 ya Leipzig.

Kuna jambo alilofanya ambalo hata leo naliona la akili sana. Aliwagawia wapagazi, watumishi na wanakijiji karatasi na penseli akawaambia wachore watakacho. Pesa Mbili alichora. Mpagazi mwingine, Sabatele, Mmambwe, alichora njia kuu ya misafara na vituo vyake, kwa kumbukumbu tu ya miguu yake. Weule akazichapa zikiwa na majina ya wachoraji. Katika kitabu kilichojaa picha za watu wasio na jina, wameandikwa "mwanamke wa Kimakonde" au "kijana wa Kiyao", hizo kurasa za michoro zinakuwa kama dirisha limefunguliwa kwa ndani.

Tulisimama Nyangao kushusha abiria wa hospitali. Misheni ya Wabenediktini hapa ilichomwa mwaka 1905. Mbele kidogo ni Ndanda, iliyoanzishwa 1906 baada ya Nyangao kuangamia, mwaka uleule wa Weule. Leo Ndanda ni hospitali, shule na kiwanda cha uchapaji, na ukimtaja Mjerumani hapa mtu atadhani unamaanisha padri.

Karibu na Masasi milima ya mawe ikaanza kutokea, mikubwa, mitupu, imeota peke yake katikati ya tambarare. Binamu yangu alinipokea stendi na pikipiki. "Shangazi yako kachinja kuku tangu asubuhi, tukichelewa tutakuta mifupa."

Jumanne: Masasi

Siku ya kukaa na ndugu, na ya kupanda Mtandi.

Kanisa la Waanglikana liko chini ya mlima. Masasi kama mji wa misheni ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, alipoleta hapa watumwa walioachiwa huru kutoka Unguja. Hivyo tangu mwanzo Masasi ni mchanganyiko: Wamakua, Wayao, watu wa Nyasa, na waliorudishwa kutoka pwani wakiwa tayari na Kiswahili. Weule alifika mwishoni mwa Julai 1906, mwaka mmoja tu baada ya wapiganaji wa Maji Maji kuichoma misheni. Hapa ndipo alipoanza kazi kwa utulivu: kupima, kupiga picha, kununua vitu, kuuliza.

Kununua. Neno hili linarudiarudia. Alinunua vyungu, pinde, mitego, ngoma, vinyago, vijiti vya kuwashia moto, hata michezo ya watoto. Mwaka wa njaa fedha kidogo inakwenda mbali, na sioni akijiuliza sana kwa nini watu walikubali kuuza. Lakini nikiwa mkweli, vitu vyake vingi ni vya kila siku, vile ambavyo mtalii wa leo angevipita: jinsi kamba ya gome inavyosokotwa, jinsi mwanamke anavyofinyanga chungu bila gurudumu, hatua kwa hatua. Mama mdogo, ambaye mama yake alikuwa mfinyanzi, alichukua simu akazitazama zile picha za ufinyanzi kwa muda mrefu kuliko picha nyingine zote. "Huyu kakaa hapo mpaka mwisho," akasema. "Hajapiga picha akaondoka."

Nikamsomea, kwa Kiswahili changu cha papo kwa papo, sehemu ambayo Weule anaeleza tabia za Wamakua. Hiyo hakuipenda. Kitabu kimejaa hukumu za namna hiyo: kabila hili ni la akili, lile ni la uvivu, huyu "mtu wangu", yule "mshenzi". Sitazisoma redioni. Nilimwambia zilikuwa lugha za wakati ule. Akanijibu kwamba babu yake pia aliishi wakati ule na hakuwa akisema hivyo kuhusu Wajerumani mbele ya wageni.

Jumatano: kusini ya Masasi

Bodaboda hadi upande wa Lulindi na kurudi. Vumbi. Mikorosho pande zote mbili, na mabibo mekundu na ya njano yameiva chini. Kila kijiji kina watu wanaokausha korosho kwenye turubai na kubishana kuhusu mnada wa chama cha msingi. Weule hakuziona korosho hizi kama zao la biashara. Zilikuja kushika eneo hili baadaye, katika karne hiyohiyo ya 20.

Nilitaka kufika nchi ya Matola. Agosti 1906 Weule alipiga kambi Chingulungulu, kwa Matola, jumbe wa Kiyao, na anakaa kwenye baraza lake siku baada ya siku akiwauliza wazee historia ya Wayao, ndoa, mazishi, dawa. Msaidizi wake mkuu ni Nils Knudsen, Mnorwei aliyekuwa ameishi miaka mingi na watu wa huku na akajua lugha zao. Bila Knudsen na Matola kitabu hiki kisingekuwapo. Weule mwenyewe alikuwa na Kiswahili kidogo, na miezi michache.

Ninachokipenda katika sura za Chingulungulu ni uchovu. Wazee wanachoka na maswali. Wanasema ndiyo kwa kila kitu ili waende zao. Mwandishi analalamika, na hajui kwamba anatuandikia ushahidi mzuri kuliko majibu yenyewe: mtu aliyeitwa na serikali kuulizwa habari za mababu zake anaweza pia kujitetea kwa kusinzia. Kila aliyewahi kushika kinasa sauti mbele ya mzee asiyetaka kuongea anaujua mtazamo huo.

Na maji. Kiangazi kile watu wa Chingulungulu walichimba mashimo kwenye mchanga wa mto uliokauka, na Weule hana jema la kusema kuhusu kilichotoka humo. Leo kijana wa bodaboda alininunulia maji ya chupa dukani, akanionyesha kisima cha pampu ambacho wanakijiji walikuwa wamepanga foleni ya madumu. "Kikiharibika tunarudi mtoni," akasema.

Alhamisi: Newala

Gari lilipanda ukingo wa uwanda wa Makonde kwa gia ya chini, na hewa ikabadilika. Newala ni juu, kama mita 700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Weule alikaa hapa Septemba na Oktoba na analalamikia upepo wa jioni hadi unamhurumia. Kwenye Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla, unaona kusini bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji.

Uwanda huu hauna mito. Udongo ni mchanga, mvua inazama yote. Weule aliona wanawake wakishuka hadi mabondeni na kupanda tena na vyungu kichwani, safari ya saa nyingi kwa chungu kimoja, akauliza kwa nini watu wakae mahali pasipo maji. Jibu alilolipata lina mashiko: vichaka vya uwandani viliwaficha Wamakonde wasipatikane na wavamizi na wakamata watumwa. Waliona kiu ni nafuu. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, wakati wa Waingereza, na hata sasa bibi niliyemtembelea ana matangi mawili ya kukinga mvua ya paa.

Bibi huyu ni jamaa wa mume wa mama mdogo. Ni nyakanga, mmoja wa wanaosimamia unyago wa wasichana. Usoni ana nembo, mistari ya pembepembe iliyochanjwa na kupakwa mkaa. Mdomo wake hauna ndonya. Mama yake ndiye aliyevaa, ya mpingo, kwenye mdomo wa juu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wa Masasi hawajambo? Kaa mkekani, kiti hicho kimevunjika."

Alikuwa anabangua korosho za kula nyumbani, kazi ya kuunguza vidole, na hakuacha. Nilipomwonyesha picha za Weule aliisogeza simu mbali, akaisogeza karibu, akapangusa kioo kwa kanga. Picha ya kwanza ya mwanamke, kitabu kinasema tu anatoka uwandani. Bibi akagusa paji la uso. "Huyu Mmakua. Mwezi huu hapa hauoni?" Kweli, pana alama ya nusu duara juu ya nyusi, ambayo mimi mtoto wa Mmakua nilikuwa nimeipita. Picha ya pili akasema Mmakonde. Ya tatu akasema binti huyu ameogopa, akataka tuiache.

Zipo kurasa ndefu za unyago. Weule aliutafuta kila alikopita, wa wavulana na wa wasichana, akaupigia picha na kuunasa kwa fonografu na kwa kamera ya sinema, miongoni mwa kamera za kwanza za utafiti kufika Afrika Mashariki. Kwenye sherehe za wanawake alifika kwa msaada wa majumbe na kwa kutoa fedha. Nilimweleza bibi hivyo hivyo. Akauliza, "Alikuja na mke wake?" Hapana. "Mama yake? Dada yake?" Hapana, bibi, alikuja na askari na yule Mnorwei.

Akacheka hadi korosho ikamdondoka.

"Basi walimpa ngoma. Ngoma anaiona hata mtoto wa mgongoni. Mafunzo nani ampe mwanamume, tena mgeni, tena kwa hela?"

Nilimtajia baadhi ya mambo ambayo Weule anadai kuyajua. Mengine aliyakubali kwa kunyamaza, mengine akasema mwenye kusema hivyo alikuwa anamtania mzungu, na moja akaniambia nisilisome kwa sauti wakati mjukuu wake wa kiume anapita uani. Kuna mengi kwenye kitabu hicho yanayohitaji kusomwa na mtu kama yeye, na tangu 1908 sidhani kama aliwahi kuulizwa.

Kisha akauliza kuhusu sauti. Zinasikika? Nikamwambia silinda za nta zinakwaruza sana lakini wataalamu wanaweza kuzihamisha. Weule mwenyewe alihangaika nazo, joto liliilainisha nta. Bibi akanitazama na kile kinasa sauti pembeni yangu, taa yake nyekundu ikiwaka. "Zima, nikuimbie."

Nikazima. Akaimba wimbo mmoja wa kuwapokea wali, wasichana wa unyago, wanapotoka ndani, akiupiga kwa kiganja kwenye goti, na mara ya pili nikamwitikia kwa sababu niliujua kwa mama. Sitauandika hapa.

Alipomaliza akasema kama nitaandika Ulaya, niandike na hili: nyimbo za uwanjani zirudi na zipigwe hata redioni, watu wafurahi. Lakini kama Mjerumani alifanikiwa kunasa chochote cha ndani, kirudi kwa wanawake, wakisikie wao kwanza, na wao ndio waseme kinawekwa wapi. Nilimuuliza kama naweza kurekodi maneno hayo. Akasema hayo ndiyo, washa.

Ijumaa: Mahuta na Luagala

Mahuta iko mashariki ya Newala, njia ya Tandahimba. Barabara inajengwa, kwa hiyo tulisubiri grederi lipite kuliko tulivyosafiri.

Hapa Weule alimalizia, Novemba 1906, na hapa alipiga picha nilizozijua kabla ya kujua jina lake: mcheza ngoma aliyevaa kinyago, yuko juu ya miguu ya miti mirefu, kapita paa la nyumba. Midimu, kama wanavyoitwa upande huu. Wamakonde wa Msumbiji husema mapiko. Wazee wawili niliowakuta kwenye kahawa waliitazama picha na kukosoa miguu: miti ile imefungwa vibaya chini ya goti, mchezaji huyo angeanguka akigeuka. Nikasema labda aliombwa asimame tu apigwe picha. "Ndiyo maana," akasema mmoja, "mdimu hasimami."

Vinyago alivyokusanya Weule vilipelekwa Leipzig. Mwaka 1907, alipokuwa amerudi, alikabidhiwa makumbusho yote kuyaongoza, na mwaka 1920 akawa profesa kamili wa kwanza wa ethnolojia katika Ujerumani nzima. Safari hii ya miezi michache ndiyo iliyomjenga. Alifariki 1926. Desemba 1943 mabomu yaliiangukia Leipzig na jengo la makumbusho likaungua, na mengi yaliyokuwa yamehifadhiwa humo yakateketea. Wazee wa kahawa hawakujua hilo. Mmoja akauliza kama vinyago vya Mahuta ni miongoni mwa vilivyoungua, na hilo ni swali la kuulizwa Leipzig, kitu kwa kitu.

Mchana tulipita Luagala. Hapa ndipo Machemba, jumbe wa Kiyao, alipojihami dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1890 alimwandikia Wissmann, kamanda wa Wajerumani, barua kwa Kiswahili, akikataa kumtii na kumweleza kwamba kama ni urafiki yuko tayari, lakini uraia wa mtu mwingine hapana. Mwaka 1899 alihamia Msumbiji badala ya kushikwa. Weule alipita hapa miaka saba baadaye, akakuta vichaka. Ana ukurasa mzuri juu ya ngome hiyo, na najisikia mgumu kusema hivyo, kwa sababu amemsifu Machemba kwa uhuru wa mtu anayesifu adui aliyekwisha kuondolewa.

Jumamosi: Tandahimba hadi Mtwara

Safari fupi, ming'oko ya kuchemsha barabarani Nanyamba, simu ikapata mtandao.

Binamu alinitumia klipu ya Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akiomba radhi Songea mnamo Novemba 2023. Nilikuwa nimeiona. Nimeiona tena kwa sababu alizungumzia pia kurudishwa kwa vilivyochukuliwa, na watu wanaposikia hivyo hufikiria mafuvu na mjusi. Nyimbo hazimo kwenye mazungumzo hayo kwa sauti kubwa, ingawa kuzirudisha ni rahisi kuliko chochote: nakala haimnyang'anyi mtu kitu.

Barua kwa hifadhi ya Berlin nimeianza ndani ya gari. Naomba orodha kamili ya silinda za Weule za 1906, mahali na tarehe, majina ya waimbaji kama yaliandikwa, na zipi ziliimbwa na wanawake. Nimeeleza sharti la bibi wa Newala, kwamba zile za wanawake zisifunguliwe kwangu kabla hazijafunguliwa kwao, na kwamba yeye yuko tayari kukusanya wenzake wa Newala, Mahuta na Masasi watakaosikiliza. Kwa Leipzig naandika barua ya pili: vinyago vya Mahuta, kila kimoja, kipo au kiliungua. Na swali moja dogo nimeliweka mwisho kwa wote wawili, kama michoro halisi ya Pesa Mbili na Sabatele bado ipo mahali, ile ya penseli, siyo iliyochapwa kitabuni.